Ngoma na Mchezo Mbele ya Mungu

Somo kwa wakatekumeni wa Kabambare

Leo twataka kujibu swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka, Majilio yanapokaribia, vijana wanapoanza kutayarisha mchezo wa Noeli na wazee wanapokaza ngozi za ngoma. Swali ndilo hili: Mikono iliyozoea kupiga ngoma, miguu iliyozoea kucheza, na ulimi uliozoea hadithi, je, vyaweza kumtumikia Mungu? Au mtu akitaka kubatizwa ni lazima aviache vyote nje ya mlango wa kanisa?

Ili tujibu vizuri, tutatoka kijijini, tutapanda mpaka vyuo vikuu vya Kikatoliki, kisha tutarudi nyumbani.

1. Watu wawili mbele ya katekista

Tufikirie kijiji kimoja cha Kabambare, karibu na mto Luama. Ni jioni, kazi za shamba zimekwisha. Katekista amewakusanya wakatekumeni chini ya mwembe, naye agawa kazi za mchezo wa Noeli: huyu atakuwa Yosefu, huyu mchungaji, wale watatu watakuwa mamajusi watokao mashariki. Afika kwa kijana mmoja mwenye sauti nene, amwambia: "Wewe, mwanangu, utakuwa Herode."

Kijana ainamisha kichwa. "Mwalimu, siwezi. Pasaka ijayo natumaini kubatizwa. Nikivaa uovu wa Herode mbele ya watu wote, je, Mungu hatakasirika? Tena watoto wataniita Herode njiani mpaka uzee wangu."

Kisha asimama mzee mmoja, mpiga ngoma stadi, ambaye naye ameingia katika ukatekumeni mwaka huu. Asema: "Mwalimu, ngoma hii niliipokea kwa baba yangu. Imelia matangani, imelia arusini, imelia pia katika mambo ambayo leo nimeyakataa. Watu wengine waniambia nisiilete kanisani. Basi, ikiwa Mungu haitaki kazi ya mikono yangu, atanitaka mimi mwenyewe?"

Katekista hajibu upesi. Ajua kwamba neno moja lisilo la busara laweza kumrudisha mzee huyu nyumbani, asije tena kwenye mafundisho. Ajua pia kwamba neno jingine lisilo la busara laweza kumfanya adhani kila jambo la zamani ni jema, na ubatizo haubadili kitu. Basi awaambia: "Nipeni usiku mmoja. Kesho nitawajibu."

Nasi katika somo hili tumsaidie kutafuta jibu.

2. Mchezo katika historia ya Eklezia

Wakristu wa kwanza waliichukia michezo ya Warumi, nao walikuwa na sababu. Huko sanamu za miungu ziliheshimiwa, mambo machafu yalionyeshwa, na watu waliuawa ili wengine wafurahi. Mkristu hakuweza kukaa pale na kupiga makofi.

Lakini hata katika nyakati zile Mungu alijua njia ya kuingia. Mapokeo ya Eklezia yasimulia habari za Genesio wa Roma, mwigizaji. Siku moja, mbele ya Kaisari Diokletiano, aliigiza ubatizo wa Wakristu ili kuudhihaki. Alijifanya mgonjwa, akaomba abatizwe, wenzake wakammwagia maji. Katikati ya vicheko vya watu neema ya Mungu ilimgusa, akatangaza kwamba sasa asadiki kweli. Aliteswa, akauawa. Waigizaji Wakatoliki humheshimu kama msimamizi wao. Tazameni: alikuja kucheka maji ya ubatizo, naye akafa kwa ajili yake.

Baadaye Eklezia yenyewe ilianza kuigiza. Katika karne ya 10, siku ya Pasaka, wamonaki wa Ulaya walionyesha asubuhi ya Ufufuko. Watatu walikwenda polepole, kama watu watafutao kitu, kwa mfano wa wanawake waliokwenda kaburini. Mwingine, aliyevaa nguo nyeupe, alikaa kama malaika na kuwauliza wamtafuta nani. Watu wengi hawakujua kusoma, wala hawakufahamu Kilatini. Lakini waliona kaburi tupu, wakafahamu.

Mwaka 1223, usiku wa Noeli, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitayarisha hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda, katika mahali paitwapo Greccio, nchi ya Italia. Alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika umaskini. Pango mnalolijenga ninyi kanisani wakati wa Noeli lafuata desturi hiyo.

Kisha, tangu karne ya 16, Wayezuiti walifungua shule nyingi kubwa, na wanafunzi wao waliigiza habari za Maandiko na maisha ya watakatifu mbele ya wazazi na watu wa mji. Waalimu wale walijua kwamba mwanafunzi anayesimama mbele ya watu hujifunza kusema wazi, kukumbuka, na kuitawala hofu yake. Tangu hapo shule ya Kikatoliki na mchezo wa kuigiza hukaa pamoja kama ndugu.

3. Kilima cha Lovanium

Labda mtauliza: Chuo kikuu ni nini, nacho chatuhusu nini sisi tulio mbali, katika vijiji vya Maniema?

Chuo kikuu ni shule iliyo juu ya shule zote. Huko hufundishwa waganga, waalimu, wanasheria na wachunguzi wa mambo mengi. Chuo kikuu cha Kikatoliki kina kazi moja zaidi: huchunguza mambo ya imani pamoja na mambo ya watu, ili ukweli wa Mungu na akili ya binadamu vikutane.

Katika nchi yetu chuo kikuu cha kwanza kilikuwa cha Kikatoliki. Kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na mji wa Léopoldville, ambao leo waitwa Kinshasa. Kiliitwa Lovanium, kwa kuwa kilikuwa kama mtoto wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na Lovanium ndilo jina la mji huo kwa Kilatini. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Mwaka 1957 kilianza pia kufundisha teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu.

Tarehe 29 Januari 1960, miezi mitano tu kabla ya uhuru wa Kongo, katika chuo hicho palikuwa na mjadala mkubwa. Padri mmoja kijana, aliyekuwa bado mwanafunzi, jina lake Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Katanga, alisimama mbele ya mwalimu wake Alfred Vanneste, mkuu wa masomo ya teolojia. Mwanafunzi alieleza kwamba akili ya Mwafrika, namna yake ya kutazama uzima, ukoo na ulimwengu, yaweza kusaidia kuifahamu imani, hata patokee teolojia yenye rangi ya Afrika. Mwalimu alionya kwamba kwanza yatakiwa teolojia ya kweli, ifaayo kwa watu wote wa dunia, wala Waafrika wasiridhike na kitu kidogo kilicho chao peke yao.

Hawakutukanana, wala mmoja hakumfukuza mwenzake. Walisikilizana kama wazee barazani, na maneno yao yaliandikwa na kusomwa na wengi. Padri Tshibangu alikuwa mkuu wa Lovanium mwaka 1967, akiwa Mkongo wa kwanza kushika kazi hiyo, na baadaye alikuwa askofu.

Nani alisema kweli? Kila mmoja alishika upande wa kweli. Imani ni moja kwa watu wote: Kristu wa Kabambare ndiye Kristu wa Roma. Lakini mtu huipokea kwa masikio aliyo nayo na huijibu kwa sauti aliyo nayo. Mzee wetu na ngoma yake aliuliza swali lile lile, ingawa hakuwahi kufika Kinshasa.

Mwaka 1966 kilianzishwa huko Lovanium kituo cha kuchunguza dini za Afrika, nacho kiliongozwa na Padri Vincent Mulago, mzaliwa wa upande wa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa heshima mambo ya wazee wetu: jinsi walivyomfikiri Mungu, jinsi walivyofanya matambiko, jinsi walivyofahamu undugu wa walio hai na waliokufa.

Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, na jina la Lovanium likakoma. Leo kilima kile ni mahali pa Chuo Kikuu cha Kinshasa, na kanisa la Bikira Maria Mama wa Hekima lingali pale. Lakini mafundisho ya teolojia ya Kikatoliki hayakufa. Yaliendelea peke yake, na tangu mwaka 2009 shule hiyo yaitwa Chuo Kikuu Katoliki cha Kongo. Bukavu nako kuna chuo kikuu cha Kikatoliki tangu mwaka 1989.

Ninyi mwajua kulima mpunga. Mpunga ukitoka shambani hauliwi vile vile. Hutwangwa, kisha hupepetwa katika ungo. Makapi huruka, mchele hubaki. Chuo kikuu cha Kikatoliki ni ungo wa Eklezia. Hakioti mpunga, mpunga huota kwenu, katika nyimbo zenu, methali zenu na desturi zenu. Kazi yake ni kupepeta.

4. Misa ya vijana wa Kamina

Sasa sikilizeni habari za watu walioleta mpunga mwema.

Upande wa kusini, katika nchi ya Waluba wa Katanga, kuna mji wa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifundisha huko. Aliwasikia watoto wakiimba nyimbo za nyumbani kwao, akaona kwamba uzuri wake wafaa kwa Mungu. Akaunda kwaya ya watoto karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na waalimu kama 15. Mmoja wa waalimu hao, Joachim Ngoi, alikuwa mwimbaji mkuu.

Pamoja walitengeneza Misa iliyoitwa Missa Luba. Maneno yake yalikuwa ya Kilatini, yale yale ya Eklezia yote wakati ule. Lakini sauti zilikuwa za Kongo. Katika Sanctus, yaani Mtakatifu, walitumia sauti ya wimbo wa kuagana. Hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ngoma na vyombo vingine vya kwetu. Sehemu nyingi hazikuandikwa kwanza: waimbaji walijibizana kama watu wanavyojibizana kijijini. Misa hiyo iliimbwa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba hata katika maonyesho makubwa ya dunia huko Brussels. Watu wa mbali waliosikia ngoma zile walishangaa, na santuri za Misa hiyo zilinunuliwa katika nchi nyingi.

Angalieni vizuri walivyofanya. Wimbo wa kuagana uliingia kanisani, lakini ulipewa maneno mapya. Sauti ilikuwa ya Waluba, sala ilikuwa ya Eklezia. Hakuna kilichodharauliwa, wala hakuna kilichoingia bila kupimwa.

5. Mtaguso, na Misa yetu

Mambo haya yalitangulia Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa mafundisho yake juu ya Liturujia, ukaeleza kwamba mataifa yenye desturi yao ya muziki yaheshimiwe, na muziki huo upewe nafasi yake katika ibada.

Maaskofu wa Kongo walifanya kazi miaka mingi, wakisaidiwa na mapadri wenye elimu, mpaka Roma ilipokubali tarehe 30 Aprili 1988 Misali ya Roma kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, aliitafuta kwa bidii sana.

Katika Misa hiyo mwanzoni twawaita watakatifu, pamoja na wahenga wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Utukufu huimbwa kwa kucheza, padri na wahudumu wakizunguka altare. Neno la Mungu husomwa na kufafanuliwa, ndipo tunapoomba msamaha, tunanyunyiziwa maji, na kupeana amani. Baadaye vipaji huletwa kwa maandamano ya furaha.

Kwa nini kuomba msamaha kumewekwa baada ya Neno? Kumbukeni baraza la wazee. Kwanza watu husikiliza shauri lote. Kisha mwenye kosa hukiri. Kisha hupatanishwa. Ndipo hula pamoja. Mtu hali na ndugu yake wakati ugomvi ungali kati yao. Ndivyo ilivyo katika Misa hii: Neno latuhukumu, twatubu, twapatana, kisha twakaribia Meza ya Bwana. Desturi njema ya baraza imepepetwa, nayo imepewa mahali pake katika sala kuu ya Wakristu.

Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa namna hiyo pamoja na Wakongo katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Basi mzee wetu ajue: ngoma za Kongo zimelia karibu na kaburi la Mtume Petro.

6. Papa aliyekuwa mwigizaji

Turudi sasa kwa kijana wetu anayemwogopa Herode.

Katika nchi ya Poland alikuwako kijana, jina lake Karol Wojtyła. Wakati wa vita, Wajerumani walipoitawala nchi yake na kuvifunga vyuo vikuu, yeye alifanya kazi ya kupasua mawe. Tangu mwaka 1941, pamoja na wenzake wachache, aliigiza kwa siri katika nyumba za watu mjini Kraków. Hawakuwa na jukwaa kubwa wala mapambo. Walikuwa na neno tu, nao walilisema vizuri, ili roho ya taifa lao isife. Kama wangalikamatwa, wangaliadhibiwa vikali.

Kijana huyo aliitwa na Mungu, akapewa upadri mwaka 1946. Tangu mwaka 1954 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lublin. Hakuacha kuandika michezo: mwaka 1960 ulichapishwa mchezo wake juu ya ndoa. Mwaka 1978 alichaguliwa kuwa Papa, naye ndiye Yohane Paulo wa Pili. Mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia yote barua, akiwakumbusha kwamba uzuri wanaoufanya watoka kwa Mungu Muumba.

Papa huyo alifika Kinshasa mwaka 1980, na tena mwezi wa Agosti 1985. Tarehe 15 Agosti 1985 alimtangaza huko Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista wa kwetu Kongo. Siku tatu baadaye alikuwa Nairobi, akaifungua rasmi shule kuu ya Kikatoliki ambayo leo ni Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika ya Mashariki.

Ninyi mwajua habari za Anuarite. Mwaka 1964, wakati wa uasi, ambao ulifika Maniema pia, masista wa Bafwabaka walichukuliwa mpaka Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mkubwa mmoja wa askari alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa kuuvunja usafi aliomwahidia Mungu. Alipopigwa, alimsamehe aliyempiga, akafa.

Sasa nawauliza: mkitaka kuigiza maisha ya Anuarite, nani atakuwa yule askari? Asipokuwapo askari, watu hawataona nguvu ya msamaha. Pasipo Herode, hatufahamu kwa nini Yosefu alikimbia usiku pamoja na Mtoto na Mama yake. Pasipo Pilato, msalaba hauna njia ya kufika mlimani.

Tena Eklezia yenyewe yatufundisha jambo hilo. Jumapili ya Matawi, Mateso ya Bwana yanaposomwa, mara nyingi msomaji mmoja husema maneno ya Pilato na ya Petro aliyekana, nasi sote husema maneno ya umati uliotaka Yesu asulibiwe. Je, twatenda dhambi? Hapana. Twajiona wenyewe, nasi twajuta. Mwigizaji wa Herode hasemi, "Uovu huu ni mzuri." Asema, "Tazameni jinsi uovu ulivyo, mkauchukie."

7. Namna ya kupepeta

Hapa chini ni mambo manne ya kutusaidia kijijini.

La kwanza, tupime nia. Wimbo au mchezo wafanywa kwa ajili ya nani? Ukifanywa ili Mungu atukuzwe na watu wafundishwe, ni njia njema. Ukifanywa ili jirani afedheheshwe, au mwimbaji mwenyewe asifiwe tu, umepotea.

La pili, tupime maneno. Sauti ya ngoma haina kosa. Lakini wimbo unaoomba uzima kwa mizimu, au unaomtukana mtu, au unaosifu uasherati, hauwezi kuimbwa na mtu anayejitayarisha kubatizwa. Maneno yabadilishwe, kama walivyofanya watu wa Kamina. Na kama hayabadiliki, wimbo uachwe.

La tatu, tupime chombo. Ngoma iliyotumika katika furaha na huzuni za watu ni chombo tu, kama kisu na chungu. Lakini ikiwa ngoma iliwekwa kwa ajili ya uganga au tambiko peke yake, mwenye nayo azungumze na padri na wazee wa Wakristu. Pengine itafaa kuchonga mpya. Mti bado uko porini, na ufundi uko mikononi.

La nne, tuheshimu Mafumbo. Sakramenti haziigizwi kwa mzaha. Mchezo wa Noeli au wa watakatifu ufanyike mahali pake na wakati wake, wala usiingie katikati ya Misa bila ruhusa ya padri. Wachezaji wajifunze habari kwa bidii, wasiongeze mambo ya uongo ili watu wacheke.

8. Jibu la katekista

Siku ya pili jioni katekista awaita tena. Kwanza amwambia kijana: "Mwanangu, chukua kazi ya Herode, uifanye vizuri mpaka watu waogope. Lakini nakupa agizo moja. Mchezo ukiisha, kabla ya mamajusi na wachungaji wote, wewe uwe wa kwanza kupiga magoti mbele ya Mtoto. Hapo hata watoto wadogo watajua wewe ni nani."

Kisha amgeukia mzee. "Baba, wewe wazijua nyimbo zako kuliko mimi. Nimekueleza namna ya kupepeta. Shika ungo mwenyewe."

Mzee akaa kimya kwa muda. Halafu asema: "Ziko nyimbo mbili nitakazoziacha, mwalimu, maana najua ziliimbwa kwa nani. Ngoma yenyewe haikuwekwa kwa mizimu. Ni ngoma ya watu. Basi naileta pamoja na mikono yangu."

Wapendwa wakatekumeni, tazameni jinsi mzee huyu alivyojifunza. Hakuambiwa atupe vyote, wala hakuambiwa ashike vyote. Mungu ndiye aliyeumba mti wa ngoma, na mkono unaoupiga, na sikio linalosikia. Hataki tuje kwake mikono mitupu. Lakini tukija kwake, tujipepete kwanza, kwa maana ubatizo huuanza uzima mpya.

Maswali na majibu ya kujifunza

Swali: Chuo kikuu cha Kikatoliki chatusaidiaje katika imani?
Jibu: Huchunguza ukweli wa imani pamoja na desturi za watu, ili yaliyo mema yapokewe na yaliyo mabaya yaachwe.

Swali: Mjadala wa Lovanium wa mwaka 1960 watufundisha nini?
Jibu: Watufundisha kwamba imani ni moja kwa watu wote, na kila taifa laweza kuifahamu na kuisifu kwa akili na sauti yake.

Swali: Watu wa Kamina walifanya nini mwaka 1958?
Jibu: Waliimba maneno ya Misa Takatifu kwa sauti za Kongo na kwa ngoma.

Swali: Katika Misa yetu ya Kongo, kwa nini twaomba msamaha baada ya kusikia Neno la Mungu?
Jibu: Kwa sababu Neno latuhukumu kwanza, kisha twatubu na kupatana kabla ya kula pamoja katika Meza ya Bwana.

Swali: Je, ni dhambi kuigiza mtu mwovu katika mchezo wa imani?
Jibu: Si dhambi, ikiwa nia ni kuwaonyesha watu ubaya wa dhambi na ukuu wa neema.

Swali: Yafaa kupima mambo gani kabla ya kuleta wimbo au ngoma kanisani?
Jibu: Nia, maneno, chombo chenyewe, na heshima ya Mafumbo Matakatifu.

Kazi ya juma hili

Kila mkatekumeni achague wimbo mmoja wa nyumbani kwao, awaulize wazee maana yake na mahali ulipoimbwa zamani. Jumapili baada ya Misa aueleze mbele ya wenzake na katekista. Pamoja mpepete: maneno yapi yabaki, yapi yaachwe?

Sala

Ee Mungu Muumba wetu, umetupa sauti, mikono na miguu. Utusaidie kuacha yote yasiyokupendeza, na kukuletea yote uliyoyapanda ndani ya watu wetu tangu zamani. Siku ya ubatizo wetu utupokee pamoja na nyimbo zetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.